Vigae vya Ghorofa ya Tisa

Kwa miaka miwili fundi cherehani alitembea mjini akitazama vidole vya miguu yake. Zamani hakuwa hivyo. Mwanawe wa pekee, fundi vigae, ndiye aliyemfundisha kuinua shingo. Kila Jumapili alimpitia mama yake wakatoka kwa miguu, na kila alipomwona anakodolea macho vitambaa vya madukani, alimgusa kidevu taratibu.

"Mama, huko chini wanauza tu. Tazama juu, ndiko kwenye kazi za watu."

Akamwonyesha matao ya benki ya zamani, roshani za vyuma vilivyosokotwa kama nywele, na posta ambayo kona yake ilipinda kama kiwiko. Mama hakukawia kushika. Punde akawa yeye ndiye mkosoaji: dirisha lile limekaa upande, kama mfuko ulioshonwa na mlevi. Mwanawe alicheka hadi wapita njia wakageuka.

Kisha kijana akaanguka. Alikuwa kwenye jukwaa, ghorofa ya tisa, akibandika vigae vya nje vya jengo jipya karibu na stesheni. Mkandarasi alisema kamba ya usalama aliivua mwenyewe. Wenzake walisema kamba haikuwepo, lakini walisema kwa kunong'ona, maana kazi ilikuwa haijaisha. Kesi ikapigwa danadana mpaka wakili akaacha kupokea simu. Mama akaihama kabisa njia ya stesheni.

Siku moja mkwewe, mjane wa marehemu, akaja. Alikuwa ameposwa, na kabla ya kujibu alitaka mambo mawili: radhi ya mama mkwe, na waende pamoja wakalione lile jengo.

"Radhi unayo, mwanangu. Hukuolewa na kaburi. Lakini hilo la pili usiniombe."

"Peke yangu sitaweza, mama."

Wakaenda. Mama alishika mkono wa mkwewe, macho chini, mpaka kivuli cha jengo kikawafunika. Ndipo akatazama.

Vigae vilikuwa vya samawati iliyopauka, vimepanda safu kwa safu, kila kimoja kimekutana na mwenzake bila kuachia hata unene wa uzi. Kuanzia ghorofa ya tisa, upande wa kushoto, safu ziliyumba kidogo. Mkono mwingine ndio uliomalizia.

"Ni zuri," mama akasema. "Nilikuwa namwomba Mungu liwe baya."

Mlinzi akawasogelea. "Mama zangu, mnatafuta ofisi gani?"

"Hatutafuti ofisi. Mwanangu alifia hapa."

"Hapa hajafa mtu, mama. Mimi nipo tangu siku ya kufungua."

Mkwe akataka kumjibu, mama akambana mkono. "Hasemi uongo. Siku ya kufungua walikuwa wameshadeki."

Mlinzi akasema kwa sauti ya chini kuwa mlangoni hawaruhusiwi kusimama, ila ng'ambo ya barabara hakuna wa kuwauliza. Wakavuka, wakasimama huko hadi miguu ya mama ikavimba. Mkwe alilia. Mama hakulia.

Mkwe aliolewa, akahamia mbali. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye sikukuu kwa sikukuu. Mama aliendelea kushona sare za shule. Wateja walipomwona anazidi kukonda waliuliza kama anaumwa. Aliwaambia ni uzee.