Elarif na Nyimbo za Fidla

Elarif alikuwa fundi bati wa mtaa wa Mahabibo, katika mji wa bandari wa Mahajanga, siku zile Wafaransa bado wanatawala na watu wengi bado wanawasha taa za mafuta. Aliziba ndoo, akatengeneza taa, na kazi yake ilikuwa safi. Jumamosi jioni alisugua masizi mikononi, akavaa shati jeupe, akaenda kupiga saksafoni. Chombo hicho alijifunza mjini Diego alipokuwa askari katika bendi ya kambi. Kitufe kikilegea alikiunga mwenyewe, na ngozi za kuzibia matundu alizikata kwenye makubazi yaliyochakaa.

Okestra yao ilikuwa ndogo: yeye, Allaoui wa kodiani, na Madi wa ngoma. Walipiga tango, rumba na jazi, kwa Wazungu siku ya sikukuu yao ya Julai, na kwa vijana wa mtaani siku nyingine.

Mama yake, Bi Echata, hakumkataza. Alikuwa mtu wa swala na tasbihi, maneno yake machache. Saksafoni ikianza, yeye alifunga dirisha taratibu, basi.

Siyo kwamba alichukia muziki. Marehemu mumewe, Mzee Tadjiddine, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga fidla. Yeye na wenzake waliotoka kisiwa cha Ngazidja walipiga nyimbo za zamani za Kiswahili, lugha ambayo nyumbani kwao haikusemwa tena; ndani walisema Kikomori, sokoni Kisakalava cha wenyeji, ofisini Kifaransa. Nusu ya maneno ya nyimbo zile hawakuyaelewa, lakini harusi haikwenda bila hizo. Wale wazee walikufa mmoja baada ya mmoja, na Tadjiddine akawafuata. Fidla ikabaki ukutani. Elarif aliijaribu mara moja, na mdogo wake Hayrat akamwambia, "Kaka, mwachie huyo paka, unamuumiza."

Sasa Hayrat alichumbiwa na Soudjay, kijana wa kisiwa cha Nosy Be. Harusi ingefanyika huko huko kisiwani, mjini Hell-Ville, kwenye nyumba ya ukoo wa Bi Echata, kwani desturi ni binti kuolewa kwa upande wa mama. Elarif akasema okestra yake itapiga bure, zawadi ya kaka kwa dada.

Bi Echata akaweka tasbihi pembeni.

"Hayrat atatolewa chumbani kwa wimbo wa baba yake," alisema. "Mimi nilitolewa nao, na dada zangu pia. Ukiweza kuupiga sawasawa, lete watu wako. Usipoweza, pasipigwe kitu. Tutasoma maulidi, watu wale chakula, waende makwao."

Elarif alijua mama yake hatishii. Akisema pasipigwe, hapatapigwa. Nyimbo za baba zikikosekana siku ile, nani tena angeziuliza? Zingekwisha hapo hapo, mbele ya macho yake.

Wakafanyia mazoezi uani. Wimbo wenyewe wote watatu waliujua, wameusikia tangu utoto. Allaoui akafungua kodiani yake, akaupiga mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Kule jikoni Bi Echata alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza.

"Huo si wimbo wa Tadjiddine," akasema.

"Bi Echata!" Allaoui akalalamika. "Vidole vyangu vimebonyeza kila mahali."

"Basi hapo mahali hapamo kwenye sanduku lako."

Madi akacheka mpaka akaangusha kijiti. Lakini mama alikuwa anasema kweli. Katikati ya wimbo, pale unapopanda, sauti inasimama mahali fulani kati ya kitufe na kitufe. Juu kidogo inakuwa ya Kizungu, chini kidogo inakuwa kilio. Kwenye fidla kidole huteleza mpaka kipate. Kodiani haina pa kuteleza.

"Tunyamaze hapo, wasikilizaji wajazie wenyewe," Madi akashauri.

"Na wewe ungenyamaza wimbo mzima tungefika," akasema Allaoui.

Elarif hakucheka. Alikumbuka kule kambini, midomo ikichoka, sauti yake ilikuwa inashuka, na sajini alimfokea mbele ya wenzake. Ilimchukua muda mrefu kuiacha tabia ile. Sasa akaulegeza mdomo kwa makusudi, akapuliza. Sauti ikashuka, lakini ikapita.

"Umezidisha," mama akasema kutoka jikoni.

"Mama, niimbie basi niusikie."

"Mimi mwimbaji? Nenda kazini kwako."

Lakini kuanzia siku ile, kila alipokuna nazi, aliuimba kwa pua, chini chini, na mlango wa jikoni akauacha wazi. Elarif aliketi upande wa pili wa ukuta akimfuata. Midomo ikamvimba hata chai ikawa adhabu. Kazi nayo ikaharibika. Mzee Chaher wa jirani alirudisha taa yake imelowa mafuta chini.

"Elarif, taa inavuja. Na wewe unavuja tangu asubuhi, hatulali mchana. Ni nini hicho unachokitafuta?"

"Wimbo wa marehemu baba, mzee."

Mzee akaitua taa yake, akafikiri. "Haya, tafuta. Taa nitaifuata wiki ijayo."

Siku walipofunga mizigo kupanda meli ya Nosy Be, mama alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana. Elarif akaibeba saksafoni hivyo hivyo.

Hell-Ville, baada ya swala ya alasiri, wanaume walikaa barazani na wanawake uani, na katikati wameangika mikeka. Okestra ilikaa karibu na mikeka. Halimati, shangazi wa bwana harusi, akatoa kichwa: "Yuko tayari. Anzeni."

Elarif akasema bismillahi moyoni, akapuliza. Allaoui alimfuata kwa sauti ndogo, na walipofika pale pa kupanda akainua vidole, akamwachia peke yake. Mdomo ukalegea, sauti ikateleza, ikasimama. Barazani mzee mmoja aliyekuwa anazungumza aliacha neno lake nusu. Upande wa pili wa mikeka, tari za akina mama zikaingia zenyewe.

Walipomaliza, Halimati akatoa kichwa tena, anacheka.

"Bi Echata anasema, mahali umepapata."

Elarif akashusha pumzi.

"Ngoja, hajamaliza. Anasema umeukimbiza. Huo ni wimbo wa kutembea nao. Binti kajikwaa kwenye pindo la shiromani aliyojifunga, kafika kitini anahema kama katoka kisimani. Wamemrudisha chumbani. Upigeni tena."

Barazani wakaangua kicheko. "Fundi," akasema Soudjay, bwana harusi mwenyewe, "nirudishie mke wangu taratibu."

"Madi, umesikia?" akasema Elarif. "Hii si rumba."

Madi akapiga polepole, kwa mwendo wa mtu anayevuka chumba na nguo nzito. Elarif akapuliza. Kule uani sauti moja ikaanza kuimba maneno, kavu kidogo, haijatumika muda mrefu, na tari zikaifuata. Akaitambua, ndiyo ile ya jikoni. Akapunguza pumzi ili asiifunike, na Hayrat akatoka chumbani mara ya pili.