Yai Ndani ya Taya

Jumatano, mwanzo wa Novemba, Gitega. Mvua nyembamba tangu alfajiri, na ukungu umekaa chini hata nyumba ya jirani siioni.

Asubuhi mjukuu wangu aling'oka jino, akalirusha juu ya paa kama watoto wote. Paa ni la mabati, limelowa. Jino likateleza, likamwangukia miguuni. Yeye akacheka. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Muyinga, miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, mbele ya jiko la bibi lililoezekwa nyasi. Nitaandika ninavyokumbuka. Shule niliiacha mapema, na mengine huenda nilisimuliwa tu, kwa hiyo rafiki yangu, usiniamini sana.

Baba alikuwa fundi cherehani, barazani kwa Mhindi mwenye duka. Nyumbani kulinuka mafuta ya mawese na moshi wa mikaratusi, na sisi wasichana tulichambua maharage huku tukisikiliza cherehani ya baba ikienda, ikisimama. Jino la mtoto lilikuwa na utaratibu wake: linarushwa juu ya nyasi, panya alichukue, alete jipya. Kilichoogopwa ni kuku. "Jino likimezwa na kuku," bibi alizoea kusema, "mdomo unabaki na deni."

Dada yangu, mkubwa kwangu kidogo, jino lake la pembeni lilimponyoka mkononi, na kuku wa jirani akalidonoa. Niseme haki: jirani alileta kisu palepale, amchinje kuku tulitafute jino. Bibi ndiye aliyekataa. "Mwache, jirani. Anaatamia huyu."

Jino jipya halikuota. Shavu likaanza kupanda, polepole, bila maumivu, na hilo la kutouma ndilo lililotutisha. Dada alikula, aliruka kamba, aliimba, na uso wake ukaendelea kwenda upande, kama kuna mtu anausukuma kutoka ndani.

Siku moja, saa za magharibi, bibi alimlaza pajani akaubonyeza mfupa wa taya kwa kidole gumba. Tulisikia wote. Kru. Sauti ya ganda jembamba linalotaka kupasuka. Bibi akaondoa mkono haraka.

"Iko yai humu," akasema.

Ukiwa unacheka, sikulaumu. Lakini hukuisikia ile sauti. Mtaani watoto walicheka pia. "We, utataga lini?" "Utuuzie moja, tukaange!" Dada hakuwa mnyonge. "Nitakutagia kichwani mwako, maana iko tupu!" Akirudi ndani alikaa na mkono shavuni.

Bibi aliona jambo moja tu: joto. Yai likipata joto linatotolewa. Akamkataza dada kukaa karibu na mafiga, akamkataza kulalia upande ule, akamfunga kitambaa cha maji baridi. Mama alitaka kumkanda kwa maji moto na chumvi. "Unataka kumwangulia mtoto?" bibi akamfokea. Mama akamwaga maji. Habari za hospitali hazikutajwa kabisa, kwa sababu huko, bibi alisema, wana taa kali zinazochoma.

"Linagonga," dada aliniambia siku moja alfajiri, mkekani. Niliweka sikio. Nilisikia kitu. Huenda ulikuwa moyo wangu.

Kuku wa jirani alikuwa ameshatotoa zamani. Vifaranga vikakua, vikaota mbawa, na shavu la dada likazidi kuwa gumu na kung'aa. Hapo bibi akabadili nia. Alikuwa ameketi akiwatazama wale kuku, akasimama, akajifunga kanga. "Wenzake wote wametoka. Hili limekuwa viza. Likipasukia ndani, tunazika mtoto." Akamwamuru baba atafute kamioni ya kahawa inayokwenda Gitega. Dada alikataa kupanda bila mimi, ndiyo maana niliyaona yaliyofuata.

Hospitali, daktari aliutazama uso wa dada muda mrefu. Bibi akamweleza habari za yai, naye akabonyeza. Kru. "Ni kweli," akasema, "mfupa unalia kama ganda la yai." Bibi akatutazama mmoja mmoja.

Kisha daktari akaeleza, na mhudumu akatufasiria: jino la ukubwani limenasa chini, limezungukwa na mfuko wa maji. Maji yanausukuma mfupa, mfupa unakonda. Mngechelewa, taya lingevunjika lenyewe.

"Na lile alilomeza kuku?" bibi akauliza.

"Lile ni la utotoni, mama. Halina kosa. Hili halijatoka kamwe."

Walimlaza dada, wakalifungua taya. Baadaye walituletea kitu kwenye pamba: jino zima, jeupe kuliko meno yetu yote. Bibi aliligeuza kiganjani akaanza kulia, yeye ambaye hakuwa amelia njia nzima. "Masikini," akasema. "Limezaliwa na halijawahi kula."

Hakulirusha popote. Tuliporudi alichimba nyuma ya nyumba, akaweka kwanza kipande cha ndizi na punje za maharage, ndipo jino.

Bibi alikosea, najua. Lakini daktari mwenyewe alisema tumefika kwa wakati, na ni lile kosa lililotufikisha. Sijui nimhukumu vipi. Watu wenye elimu watajua. Shavu la dada lilirudi, mfupa ukajijaza polepole. Tulikimbia nchi, tukarudi. Mahali pa nyumba ile leo pamelimwa mihogo, cherehani haisikiki, na hakuna mtoto pale anayejua aogope nini.

Dada anaishi Butihinda siku hizi. Amekuja kututembelea wiki hii. Jioni tumekula bugali, ndagala wa ziwani na mboga ya lengalenga. Amemaliza chakula chote isipokuwa tonge moja, aliloliacha pembeni mwa sahani kama anavyofanya siku zote tangu lile jino lizikwe, na hakuna aliyemuuliza ni la nani.