Jino Moja la Mkanda

Mnicheke, lakini nimeshawatangulia kujicheka. Mimi ni fundi magari hapa Kasuku, na mdomo wangu ni mkubwa kuliko garaji yangu.

Mzee Shabani aliniletea gari lake la mbio la zamani, lile aliloliziba nyuma ya ukuta wa matofali miaka ya vita lisiporwe. Alitaka limpeleke binti yake harusini. Mkanda wa injini, ule unaopangia valvu zamu ya kufunguka, na ukipishana jino moja tu zamu zote huvurugika, ulikuwa umekauka. Nikafunga mpya.

“Fundi, alama za kupangia meno uliziangalia?” mzee akauliza.

“Papa, wakati ya vita nilikuwa nafunga mikanda mu giza, na vidole tu!”

Gari likakohoa kidogo. Nikalaumu esansi, petroli ya siku hizi.

Siku ya harusi niliendesha mwenyewe, shati jeupe. Mbele ya msikiti nikakanyaga mafuta: paa! paa! Umati mzima ukalala chini. Mimi nikaruka nje, nikatumbukia mferejini nikipiga kelele, “Mulale! Wamerudi!”

Bibi harusi, bado ameketi garini, akachungulia. “Fundi, amuka. Vita hakuna. Ni moteri yako ile inalia.”

Ubavuni mwangu mferejini, alikojitupa naye, kofia yake ikielea kwenye tope, Mzee Shabani akanigeukia taratibu.

“Sasa fundi, alama uliziangalia?”