Mkono wa Mwoka Mikate
Mwoka mikate wa kijiji chetu cha milimani huongea kwa sauti ya chini, na akiingiwa na wasiwasi hupangusa mikono kwenye aproni hata kama haina unga. Jumapili, mkutanoni, karani wa manispaa alituuliza ni nani anataka nyumba arobaini zijengwe kwenye shamba la viazi, juu ya chemchemi yetu. Mkono wa mwoka mikate pekee ndio ulionyanyuka.

“Maji yakikauka, jirani, utakanda unga kwa machozi?” mzee Don Evelio, jirani yake, alimtania.

“Hata mimi naogopa, Don Evelio. Lakini binti yangu analala jikoni kwangu na watoto wawili. Akikosa nyumba hapa, atawahamishia mbali, jijini Bogotá.”

Hakuna aliyecheka. Karani alimaliza kuandika, na ule mkono bado ulikuwa juu, huku ule mwingine ukijipangusa kwenye aproni.