Kunawa Mbele ya Watu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata siku nisizotaka. Ilikuwa hapa hapa Kasongo, nikiwa mama wa watoto wawili tu, meno yote kinywani. Nasikia umeandikisha jina kwa wale wanaotembelea wagonjwa ambao hawatapona tena. Vizuri. Lakini kaa chini kwanza. Mimi shule sikukaa sana, ila jambo hili nalijua, na nililijua kwa kumuumiza mtu.

Tulikuwa wanawake saba, wa kanisa na wa muskiti pamoja, bila mshahara. Mkubwa wetu alikuwa Mama Anifa. Muganga wa kituo cha afya alituonyesha namna ya kusafisha kidonda na kumgeuza mgonjwa ngozi isichubuke, kisha tukagawana nyumba. Mimi nikapewa Mama Riziki. Alikuwa na kansa ya titi. Kidonda kilikuwa kimefunguka na kilinuka, sitakudanganya. Kansa haiambukizi. Muganga alituambia hilo mara tatu, na mara tatu niliitikia.

Sasa ona upumbavu wangu. Kila nilipomaliza kumuosha nilitoka inje, nikachota majivu jikoni, nikasugua mikono mpaka viwiko, katikati ya parseli, kwenye kiwanja mbele ya nyumba, wapita njia wote wakiniona. Mama yangu ndivyo alivyonizoeza: ukigusa kidonda, nawa na majivu. Hakukosea. Lakini kwetu watu wananawa namna ile, hadharani, wakitoka makaburini. Kila mtu anajua. Mimi pia nilijua, ila sikufikiri.

Mama Riziki alikuwa akiyasikia maji kutoka kitandani. Siku moja akaniambia, "Mama Asani, maji unamwaga kule inje iko mingi kupita yale unaniosha nayo." Nikacheka. Naye akacheka, mpaka akakohoa. Nikadhani ni utani wa mgonjwa tu.

Kitu kimoja alikuwa bado anakitaka. Mwanawe alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na mke wake, Zaina, alikuwa amezaa mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza. Tukapata habari kwamba Zaina anakuja kwa moto, hizi pikipiki za kubeba watu, amlete mtoto aonekane. Basi Mama Riziki akaniomba nimsuke nywele, nimpake mafuta, nimlaze kwa upande ule unaomuuma, kusudi mkono wake mzima ubaki wazi kwa mtoto. "Nikimushika, basi," akasema. "Hata kesho nikufe."

Asubuhi ile ninayokuambia nilikuwa inje na majivu yangu. Nikaona mwanamke kijana amesimama njiani, mtoto mgongoni. Akatazama mikono yangu. Akatazama mlango. Nikamwambia, "Karibu, mama!" Hakujibu. Aligeuka, akarudi alikotoka, haraka haraka. Sikumjua. Mama Riziki aliponiuliza nilikuwa namkaribisha nani, nilisema mpita njia.

Siku nne zilipita. Mama Anifa akaja kwangu, hakukubali hata kiti.

"Zaina iko kwa wazazi wake, hapa mujini. Mutoto hamuleti. Anasema ameona wenye kuuguza wananawa kama wametoka kuzika. Nani huyo?"

Nikamsogezea kiti tena.

"Nakuuliza, Mama Asani. Ulikuwa unaosha nini pale? Uchafu, ao mutu?"

Nilikwenda kwa Zaina jua likiwa kali. Nikamweleza yote ya muganga, nikaapa kwa watoto wangu. Aliniacha nimalize, huku ananyonyesha.

"Mama, nakuheshimu," akasema. "Lakini weye ndiye unamugusa kila siku, na weye mwenyewe ulinawa na majivu mpaka huku. Niliona na macho yangu. Sasa nisadiki mudomo wako, ao mikono yako?"

Nikamsihi amlete hata mara moja tu. Akasema mumewe ndiye ataamua. Tukatuma habari Salamabila kwa mtu wa moto, lakini mvua ilikuwa imeharibu njia ya Kabambare, na jibu halikuja. Mama Riziki alikuwa akiuliza kila nikiingia, "Hajafika?" Siku ya tatu ya kungoja jibu nilimwambia ukweli wote, na kosa ni la nani. Aliutazama mlango. Halafu akasema, "Basi nigeuze. Upande huu unaniuma."

Alikufa siku mbili baadaye.

Zaina alikuja msibani, analia kweli. Mtoto akapita mikononi mwa kila mtu, mkono kwa mkono, mzuri, mnene. Alipofika kwangu wakasema, "Mushike, mama." Nilikataa. Walidhani ni uchungu. Mimi niliona sina haki ya kumshika mtoto ambaye Mama Riziki hakumshika.

Mwanangu, sisemi usinawe. Muganga atakugombeza, na mimi nitakuongeza. Nawa kabla ya kuingia. Ukimaliza, nawa mle mle ndani, na sabuni, beseni karibu na kitanda, mkiongea. Kisha kaa. Wakikupa chai, kunywa. Utoke kama mtu anayetoka kwa jirani. Mgonjwa wa namna hii, dawa za kumponya zimeisha. Amebakiwa na watu, na hao watu wanakutazama wewe kujua kama wanaweza kumkaribia. Usimfukuzie watu. Na akikutania, usikimbilie kucheka kama mimi. Muulize anataka kusema nini.

Haya, nenda. Mungu akutie nguvu mbele ya harufu na mbele ya vilio. Akupe moyo usiochoka kabla ya mgonjwa. Na siku yako ikifika, mwanangu, unayemngojea afike.