Marehemu wa Kumi na Tisa Aliitika

Niliita jina la marehemu mbele ya watu zaidi ya elfu mbili. Marehemu akaitika.

Kaa chini, usikimbilie kusema hii ni chai, stori ya kutunga.

Majina sitayataja, mnajua wenyewe kwa nini. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Kila asubuhi naita majina ya watoto kwenye rejista, na kelele zangu wanazijua mpaka wapita njia. Ndiyo maana kamati ya wafiwa ilinichagua niwaite marehemu wetu.

Ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu wanajeshi wafyatue risasi mbele ya soko. Watu walikuwa wamekaa chini, mikono juu, wakidai wenzao waliokamatwa waachiwe. Thelathini na mmoja wakafa. Wengine wakapotea, hawakuonekana tena wazima wala maiti.

Mmoja wa waliopotea ni mdogo wangu, mchomelea vyuma, kitinda mimba wa mama. Nyumbani tulimwita Kitinda.

Mama alikataa katakata asiwekwe kwenye orodha ya wafu.

"Umeiona maiti yake?" aliniuliza asubuhi ile, huku anafunga kilemba.

"Sijaiona, mama. Lakini mwaka mzima sasa..."

"Basi funga mdomo. Ukimwita mwanangu pamoja na wafu, kwangu usirudi."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jina lake sikuliweka. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani. Nilitaka kujua moja tu, yuko hai au hayupo. Kusubiri kulikuwa kunatumaliza.

Tukakusanyika palepale mbele ya soko, nguo nyeusi, hakuna aliyeshika hata kijiti. Upande wa pili yaliegeshwa malori mawili ya jeshi, na jamaa wametukodolea macho, bunduki mapajani. Tulishakubaliana. Nikiita jina, umati mzima unaitika "Yupo!" Hakuna tusi, hakuna jiwe.

Jina la kwanza. "Yupo!"

La pili. "Yupo!"

Mabati ya soko yalikuwa yanatetemeka.

Wa kumi na tisa alikuwa Spoku, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mwembamba mpaka jina likamfaa. Huyu tulimzika kabisa. Jeneza lililetwa na jeshi, limepigiliwa misumari, na amri ikatoka lisifunguliwe. Mkewe akapewa kitambulisho cha mumewe kilichokutwa kwenye koti la maiti. Basi, hadithi ikaishia hapo.

Nikamwita kwa majina yake yote, mpaka la babu.

Umati haujafungua mdomo, sauti kavu ikatoka nyuma kabisa.

"Nipo!"

Watu wakapisha njia kushoto na kulia. Katikati akawa anakuja mtu, ndevu mpaka kifuani, anachechemea. Mimi kipaza sauti kikanidondoka.

Alikuwa Spoku.

Walimwachia kutoka kambini alfajiri ile, bila hata kikaratasi. Mwaka mzima wamemfungia. Hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo hawakuamini jina lake. Na huku nje, nani angemtafuta mtu aliyekwisha kuzikwa?

Mkewe alimshika uso, akamshika masikio, akamshika mabega. "Ni wewe? Ni wewe kweli?"

Na mama yangu? We acha! Alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamtoka.

"Si niliwaambia! Wanarudi! Mwanangu naye yuko njiani!"

Niseme ukweli, hata mimi niliamini. Nilicheka kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka.

Spoku hakucheka. Alimwacha mkewe, akaja akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini, baba? Simama! Ulikuwa naye? Mwenzako anatoka lini?"

"Kitinda alipigwa risasi ya ubavu, pembeni yangu. Akawa anasema anasikia baridi. Nikavua koti langu, nikamfunika. Kitambulisho changu kilikuwa mfukoni. Hapohapo mimi wakanibeba."

Kichwa changu kilichelewa kushika. Koti la Spoku. Kitambulisho cha Spoku. Jeneza la misumari.

Kwenye kaburi tuliloliita la fundi baiskeli, alikuwa amelala mdogo wangu.

Mama aliokota kilemba, akakikung'uta vumbi, akakifunga upya taratibu. Kisha akamwendea mke wa Spoku, aliyekuwa hajui acheke au alie. Mwanamke yule alikuwa akienda kulipalilia lile kaburi kila Jumamosi, akiliongelesha, akililia.

"Asante, mwanangu," mama akamwambia. "Asante kwa kunililia mtoto."

Wakashikana, wakaangua kilio wote wawili.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Chetu kilianzwa na wa mbali. Sisi wafiwa tuliingia mwaka mmoja baadaye.

Halafu kuna jambo sijawahi kumwambia mama. Siku ya mazishi yale nilikuwepo. Nilitupia udongo kiganja kimoja, nikaangalia saa, nikawahi kusahihisha mitihani. Niliwaza, huyu ni fundi baiskeli tu, ndugu zake si wapo.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukienda kwenye msiba wa jirani, lia kwelikweli. Hujui unamzika nani.