Kidakuzi Kilichomtoa Pentti Saunani

Raili Orvokki Kettukangas, binti wa Hilja aliyemfukuza kasisi jikoni kwa kusifia kahawa ya jirani, mjukuu wa Eino aliyejenga sauna tatu, vibanda vya kuogea mvuke, akaunguza mbili, ndiye aliyeandika Harakka. Harakka ni maktaba ya programu: watengeneza tovuti wa nusu ya Ufini huichukua bure, huitia ndani ya kazi zao, na Raili hawamkumbuki mpaka kitu kiharibike.

Julai kikaharibika. Barua pepe ya mtu aliyeichunguza Harakka ilisema ina tundu: ikielekezwa kutoka tovuti moja kwenda nyingine, hubeba na kidakuzi cha ile ya kwanza, kile kitambulisho unachopewa ukishaingia. Mwenye tovuti ya pili akikidaka, anaingia kwa jina lako. Na kliniki kadhaa zilitumia Harakka. Faili za wagonjwa zingesomwa na mhuni yeyote. Mwenye barua angelitangaza tundu hilo Jumatatu. Leo Jumamosi.

Raili akaliziba kabla kahawa haijapoa. Lakini kanuni aliyoitunga mwenyewe, tena kwa mbwembwe, ilikataza toleo jipya kutoka bila macho ya mtu wa pili. Mtu wa pili ni Pentti Ruuhijärvi, mwenzake wa siku nyingi katika Harakka, na Julai Mfini yuko kwenye kibanda chake ziwani, simu kaizima, dunia ikipenda iungue.

Akaendesha gari saa mbili nzima, akagonga mlango wa sauna kwa ngumi.

"Pentti! Toka!"

"Niko likizo!"

"Toka, nimesema!"

"Niko uchi, mama wee!"

"Nimezika waume wawili, hakuna jipya huko. Jifunge taulo uje usome."

Akatoka mwekundu kama soseji, akaketi barazani, kompyuta mapajani, jasho likimchuruzika. Kiraka cha Raili kilikuwa mistari tisa tu, akaisoma kama hati ya talaka. Mbu wakamla Raili.

"Tovuti ikibadilika, unakivua kidakuzi. Sawa. Na kama tovuti ni ileile, ila imehama njia ya siri ikaingia njia ya wazi?"

Hilo Raili hakulifikiria. Kwenye njia ya wazi, isiyofichwa kwa fumbo, kila mpita njia angekisoma kidakuzi.

"Miaka kumi na tisa nakwambia, una haraka," Pentti akasema.

"Na mimi nakwambia unaoga mno. Sogea."

Raili akaongeza mistari miwili, uso ukimwaka. Pentti akaikubali. Raili akavua shingoni kijiti cha USB, ufunguo ambao bila huo toleo halitoki, akakichomeka, toleo likatoka.

Ndipo akakichomoa kijiti hicho, ambacho hakuwahi kumshikisha mtu, akamtupia Pentti pajani.

"Kuanzia leo mimi naandika, wewe unatoa. Sasa wapigie wenye kliniki, mmoja mmoja, wahamie toleo jipya. Akikwambia 'nitaangalia kesho,' usikate simu. Kaa naye mpaka amalize."